Mama Usafi wa Mahakama ya Mwingereza

Kila mji ninaofika, jambo la kwanza ninalofanya ni kutafuta jengo la zamani na kulitazama. Watu wengine wakitazama jengo la zamani wanaona historia. Mimi naona kazi. Nikiona tao la juu najiuliza nani analifikia kwa ufagio. Nikiona ngazi za mawe najiuliza zinadekiwa kwa ndoo ngapi. Ugonjwa huu niliambukizwa Mwanza, miaka ya tisini, na mwanamke aliyekuwa mhudumu wa mahakama moja ndogo iliyojengwa na Waingereza kwenye mteremko wa mawe, juu kidogo ya ziwa. Hakimu alimwita Mama Usafi. Makarani walimwita Mama Usafi. Hata washtakiwa, wakishaletwa mara ya tatu au ya nne, walimwamkia kwa jina hilo, naye aliitika marahaba huku akitazama viatu vyao.

Mimi nilikuwa na meza na mashine ya taipu kwenye baraza la mahakama hiyo, upande wa kivuli. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikujua niende wapi, kwa hiyo niliwachapia watu hati za viapo, maombi ya rufaa na barua za kuomba radhi kwa wakwe. Ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko zote maishani mwangu, na ndilo baraza pekee ninaloliota.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa. Viwanda viliuzwa, maduka ya ushirika yaliuzwa, na mwekezaji mmoja akalitaka jengo letu alibomoe ili ajenge la ghorofa. Kama lingebomolewa, Mama Usafi alikuwa kwenye orodha ya wanaopunguzwa kazi, na mimi meza yangu ingehamia juani. Jengo lilikuja kuhitaji mtu wa kulitetea, na aliyepewa kazi hiyo ni yule ambaye, katika miaka yote niliyomjua, hakuwahi kulisemea neno moja jema.

Historia ya jengo alikuwa nayo yote, ila aliipanga kwa ugumu wa kusafisha. Alikuwa amewahi kufanya kazi katika nyumba moja iliyoachwa na Wajerumani, na aliwalinganisha watawala hao wawili kwa haki kabisa. "Mjerumani alijenga kama mtu anayeogopa," aliniambia. "Kuta nene, madirisha madogo, unafagia unamaliza unakwenda kupika. Mwingereza alijenga kama mtu anayetaka kutazama maji. Sasa kama anataka kutazama maji, si aende ziwani?"

Kwa maelezo yake, Mwingereza aliyelichora jengo hakuwahi kushika ufagio, hakuoa mwanamke aliyeshika ufagio, na huenda hata nyumbani kwa mama yake mzazi walifagia watu wengine. Ushahidi wake ulikuwa madirisha. Halikuwa jengo kubwa. Chini lilikuwa la mawe yaliyochongwa, juu matofali yaliyopakwa chokaa, na baraza lenye matao lililizunguka pande tatu. Lakini upande wa ziwa madirisha yalipangana kama askari wa gwaride, na kila dirisha lilikatwakatwa kwa fito za mbao kuwa vioo vidogo vya ukubwa wa daftari. "Kioo kimoja kina kona nne," alisema, "na kila kona inataka kidole kiingie na kitambaa. Piga hesabu mwenyewe, wewe uliyesoma." Siku moja sikuwa na wateja, nikapiga hesabu kweli, nikampelekea jumla ya kona zote. Aliitazama karatasi, akaniuliza kama nina uhakika, kisha akaomba ruhusa kwa hakimu aende nyumbani kwa sababu kichwa kilianza kumuuma.

Kosa la pili la Mwingereza lilikuwa jiwe. Mwanza ukitaka kujenga lazima uelewane na mawe, nao hawakuelewana. Ramani ilitaka chumba cha vielelezo kiwe kwenye kona ya nyuma, na kwenye kona hiyo lilikuwapo jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala. Walilipiga nyundo, wakaliwashia moto na kulimwagia maji, likakataa. Mwishowe wakajenga ukuta kulizunguka, jiwe likabaki ndani ya chumba, na vielelezo vikapangwa juu yake: mapanga, baiskeli, nyavu, redio. Mama Usafi alilifagia jiwe hilo kila asubuhi kama sakafu nyingine. Nilimuuliza kwa nini anahangaika kufagia jiwe. Akanijibu kwamba liko ndani.

Kosa la tatu lilikuwa kubwa zaidi, na lilimpandisha hasira hata siku za sikukuu. Nyuma ya kiti cha hakimu, ndani ya ukumbi wa mahakama, Waingereza walijenga meko ya kuotea moto. Yalikuwa na ukingo wa mbao zilizonakshiwa, na dohani iliyopanda ndani ya ukuta mpaka juu ya paa. Meko ya kuotea moto, Mwanza. Inasemekana ramani ilikuwa imechorwa huko kwao kwenye baridi, na aliyeletewa kuisimamia hakuwa mtu wa kubishana na karatasi. Moto uliwashwa humo mara moja tu, Mwingereza wa mwisho alipochoma makaratasi yake kabla ya kufunga virago. Masizi ya makaratasi hayo yalibaki ndani ya dohani miaka yote hiyo, yakisubiri kesi ya kuku.

Kuku alikuwa mweupe, wa kuibwa, na alikuwa kielelezo. Msimu ule chumba chenye jiwe kilikuwa kinavuja, kwa hiyo karani mmoja akamweka kuku ndani ya meko na kuziba kwa ubao. Kuku akaona mwanga juu, akapanda dohani, akafika katikati, akakwama. Hakimu, mtu mpole aliyependa kusoma hukumu kwa sauti nzito, alisimama kusoma hukumu ya kesi nyingine kabisa, ya mpaka wa shamba. Akasema mahakama imezingatia ushahidi. Ukuta nyuma yake ukasema ko, ko, ko. Akanyamaza, akageuka, hakuona kitu, akarudia kwamba mahakama imezingatia ushahidi. Ukuta ukakubali tena. Aliyekuwa anashindwa kesi ile akamnong'oneza ndugu yake kwamba hapa pana dawa.

Mama Usafi akaitwa. Akaja na fagio lake refu la utando, akalisukuma juu ya dohani, na kuku akaanguka akiwa mweusi kama chungu. Mchana kesi yake ilipofika, mlalamikaji akaombwa amtambue. Akamtazama kuku kwa muda, akasema, "Mheshimiwa, kuku wangu alikuwa mweupe."

Mshtakiwa hakungoja kuulizwa. "Mheshimiwa, mwenyewe amesema si wake. Naomba niende nyumbani."

Hakimu akaahirisha kwa muda na kuagiza kielelezo kioshwe. Mama Usafi alimwogesha kuku barazani, kwenye karai, kwa kipande cha sabuni ya kufulia, kando ya meza yangu, na kuku alipojikung'uta alizilowesha hati zangu tatu za viapo. Alipokauka alikuwa mweupe, akatambuliwa, na mshtakiwa akatiwa hatiani. Mama Usafi alimwaga maji meusi chini ya ngazi akasema, "Mwingereza kachoma barua zake, mimi nimeogesha kuku. Hiyo ndiyo historia mnayoitaka."

Kuhusu sheria hakuwa na maoni. Kesi alizitofautisha kwa kilichobaki sakafuni. Kesi za mashamba zilileta udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye soli kama ugali uliolala. Kesi za wavuvi zilileta magamba, za ng'ombe zilileta kinyesi, na za wafanyabiashara zilileta vipande vya karatasi. Alizipenda kesi za ndoa. "Hazina uchafu," alisema. "Ni machozi tu, na machozi yanakauka yenyewe."

Na palikuwa na wadudu wa ziwani. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine niseme kwamba kuna siku wanainuka kutoka majini kama moshi mzito, mpaka unadhani meli inaungua, kisha upepo unawaleta nchi kavu. Hawaumi. Wanaingia tu, wengi kama mchele uliomwagika, wanatua kwenye kuta, kwenye nywele, kwenye chai. Jengo letu lilikuwa limewafungulia safu nzima ya madirisha. Hakimu aliwahi kufungua kinywa atamke kifungo cha miezi sita, akawameza, akakohoa mpaka kilichosikika ni mwezi mmoja. Mshtakiwa alishukuru. Mama Usafi aliingia na ufagio bila kuomba ruhusa, akafagia kuanzia kizimbani, na mahakama nzima ikainua miguu.

Mtu angedhani kwa kinyongo hicho angefurahi kila akisikia jengo linasemwa vibaya. Haikuwa hivyo. Kwake haki ya kulitukana ilipatikana kwa ufagio. Karani mmoja mgeni alilalamika kwamba paa ni bovu, naye akamuuliza kwa utulivu, "Umelifagia?" Karani akacheka. Akamuuliza tena, na hakutoka mlangoni mpaka yule bwana akajibu kwamba hajalifagia. Mama Usafi mwenyewe alikuwa anavua kandambili zake kabla ya kuingia ukumbini, na aliwahi kumtaka mwendesha mashtaka avue viatu vyake. Hakuwahi kuingia kwa mlango wa mbele, kwa sababu, alisema, mlango wa mbele ndio unaoingiza uchafu. Na alisema mara nyingi, mbele ya watu, kwamba siku jengo lile likibomolewa atacheza ngoma barabarani kutwa nzima, tena ile ya jadi ya Bujora yenyewe.

Mara moja akaja mzungu mzee mwenye kofia, ambaye mjomba wake aliwahi kuwa afisa katika jengo lile. Alitaka kuonyeshwa ndani. Hakimu alikuwa likizo, kwa hiyo Mama Usafi akamtembeza, na mimi nikatafsiri kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne.

"Mwambie haya madirisha ni dhambi," aliniambia.

Nikamwambia mzungu kwamba madirisha yanamgusa sana moyoni. Mzungu akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwulize kama huko kwao wanafagia wenyewe."

Nikamuuliza kama kwao yapo majengo kama haya. Akasema yapo, mengi, kila mji, na macho yakamlowa. Nikamweleza Mama Usafi kwamba yapo kila mji. Alimtazama yule mzee kwa huruma ambayo sikuwahi kumwona nayo. "Kumbe hata kwao," akasema. "Maskini." Kisha akakubali kupigwa picha mbele ya meko, fagio begani kama bunduki.

Sasa nifike kwa mwekezaji. Yeye mwenyewe hatukumwona. Alimtuma wakala wake, bwana mmoja nadhifu mwenye tai na faili la plastiki, aliyepima jengo kwa hatua zake na kutueleza kwa adabu mahali choo cha ghorofa ya tatu kitakapokuwa. Ikasemekana mahakama itahamishiwa kwenye jengo jipya, na kwamba kabla ya kubomoa itakuja kamati ya watu watatu kuamua kama jengo lina thamani ya kutunzwa. Kamati iliandika barua ikiomba ipewe mtu anayelijua jengo vizuri. Hakimu alitutazama mmoja mmoja. Wote tukatazama ukutani, kisha wote tukamtazama Mama Usafi.

Hakimu alimfundisha wiki nzima. Alitaka aseme mambo matatu tu, mazuri, kisha anyamaze. Niliwasikia kila jioni kutoka mezani kwangu.

"La kwanza, Mama?"

"Lina ubaridi."

"La pili?"

"Lina nguvu."

"La tatu?"

"Lina kona nyingi."

"Hapana, Mama yangu. La tatu, limetumikia haki."

"Sawa, Mheshimiwa. Kwenye kona zote."

Siku ilipofika, mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mtaalamu wa majengo ya kale, mwenye miwani na viatu vya chini. Aliongozana na mabwana wawili wa ofisini, na wakala naye akajipachika. Tuliomba wote kimoyomoyo. Mama Usafi alisimama katikati ya ukumbi amevaa vitenge vipya, akasema kwa sauti safi, "Jengo hili lina ubaridi." Hapo akainua macho, akaona utando wa buibui kwenye boriti.

Ndipo mambo yalipoharibika. Alianzia kwenye boriti ile na hakusimama kwa saa mbili. Aliwaonyesha kila kioo. Aliwainamisha watazame nyufa chini ya kizimba. Aliwapeleka kwenye jiwe, akawaeleza linavyotoa jasho wakati wa masika na kulowesha vielelezo. Aliingiza mkono mekoni, nyuma ya kiti cha hakimu, akautoa mweusi, akawapa mkono huo kila mmoja kwa zamu, nao kwa heshima wakaushika. Aliwaonyesha juu ya mlango wa mbele, mahali nembo ya mfalme ilipozibwa kwa saruji baada ya Uhuru, na mguu wa simba uliobaki nje kwa sababu saruji iliisha. Mguu huo, alisema, una kucha tano na kila ukucha unashika vumbi. Wakala aliandika kwa furaha mpaka wino ukamwishia, akaazima kalamu yangu. Hakimu alikuwa ameketi kwenye benchi la washtakiwa bila kujua.

Mwisho mwenyekiti akafunga daftari. "Mama, nimekuelewa. Sasa kwa hayo yote, wewe unaona jengo hili libomolewe au libaki?"

Mama Usafi alishangaa, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo halimhusu. "Mnampa nani?"

Wakala akainua kalamu yangu.

"Huyu? Mnampa mtu kitu kichafu?" Akawatazama wote watatu kwa aibu kwa niaba yao. "Hata sufuria ya jirani unairudisha ikiwa imeoshwa. Mimi sijamaliza. Nikimaliza, aje achukue."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaandika sentensi moja. Kisha wakaondoka, na sisi tukaanza kufungasha. Hakimu alimwambia Mama Usafi kwamba hakuna ubaya, amejitahidi. Yeye alikuwa tayari juu ya meza, akiutoa ule utando.

Barua ilikuja baada ya mwezi mmoja hivi. Niliisoma barazani kwa sauti, na nikaombwa niirudie mara tatu. Ilisema kwamba baada ya kamati kukagua na kupokea maelezo ya kina, imeonekana jengo halipaswi kukabidhiwa kwa mtu yeyote katika hali yake ya sasa, na kwamba makabidhiano yatafanyika baada ya mhudumu wa jengo kuthibitisha, kwa sahihi yake, kuwa usafi umekamilika. Fomu ilikuwa imeambatanishwa, na mstari wa sahihi chini. Mpaka leo sijui kama yule mama wa miwani alikusudia, au ni ofisi tu zinavyoandika. Hakimu alikaa chini pale pale kwenye ngazi akacheka mpaka akatoa kitambaa. Mama Usafi hakuona cha kuchekesha. Alisema ni barua ya kwanza ya serikali yenye akili.

Tangu hapo wakala alikuja kila Ijumaa na fomu ndani ya faili lake la plastiki. Mama Usafi alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, kisha wakaanza kuzunguka. Ijumaa ya kwanza hawakuvuka dirisha la pili. Ijumaa ya nne walifika mpaka kwenye jiwe. Alikuwa anapitisha kidole, anakitazama, anamwonyesha wakala, na wakala alikuwa mtu mkweli, hakuweza kukana.

Mwezi wa tatu tangu aanze kuja, akaleta kikosi. Aliwakodi akina mama kumi, akanunua sabuni za maji na brashi kutoka duka la Mhindi la vifaa, nao wakaliosha jengo kwa siku tatu, kutoka paani mpaka chini ya ngazi. Ijumaa hiyo jengo liling'aa hata mimi nikaona haya kuweka meza yangu. Mama Usafi akavua kandambili, akaanza kuzunguka, wakala nyuma yake na kalamu mkononi, hakimu nyuma ya wakala, na sisi wengine nyuma ya hakimu. Kidole kilipita boriti, kikatoka safi. Kikapita kizimbani, mekoni, juu ya jiwe, safi. Alikuwa amebakiza dirisha la mwisho la upande wa ziwa. Akakipitisha kwenye kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Safi. Akasimama, akatazama nje.

"Ngoja kidogo," akasema.

Tukatazama na sisi. Mbali, juu ya maji, moshi mzito ulikuwa unainuka.

Wakala alielewa kabla yetu. Alikimbia mwenyewe kufunga madirisha, lakini nani anaweza kuyafunga yote, na mbao zilikuwa zimevimba kwa maji ya kuoshea. Baada ya nusu saa kuta zilikuwa nyeusi zinatembea. Mama Usafi aliichukua kalamu mkononi mwa wakala, akaiziba kifuniko, akamrudishia. "Pole, mwanangu," alimwambia, na alimaanisha.

Hakimu alimsifu siku ile, akamwambia yeye ndiye wakili bora kuliko wote waliowahi kusimama mbele yake. Mama Usafi alichukia kweli. "Mheshimiwa, unasema ninadanganya? Pitisha kidole." Hakimu akapitisha kidole, akakitazama, akaomba radhi.

Wakala aliendelea kuja. Ilifika wakati akaacha kuvaa tai, na akawa anakuja na kitambaa chake mwenyewe. Mwekezaji alichoka, akaenda kujenga ghorofa lake kule Ilemela, njia ya uwanja wa ndege. Ijumaa ya mwisho wakala alikuja bila fomu. Alikunywa chai, akapiga soga na sisi, akafuta vioo viwili bila kuambiwa, akaaga.

Mimi niliondoka si muda mrefu baada ya hapo. Kompyuta zilikuwa zimefika mjini, na hati zilizochapwa zilianza kuonekana za kishamba. Niliuza mashine yangu, nikapanda meli ya Bukoba, na kutoka huko nikaendelea tu, mji hadi mji, kama miguu yangu inavyotaka.

Nilirudi Mwanza mwaka jana, nikiwa na mvi. Mahakama ilikwisha kuhamia kwenye jengo lenye marumaru na viyoyozi. Lile la zamani lilikuwa limepigwa chokaa, likawekewa uzio na kibao cha kukataza watu kugusa, na mlinzi wa makamo kwenye kiti cha plastiki. Mbele ya mlinzi alisimama mwanamke mzee amejitanda kanga, na hata kabla hajageuka niliijua sauti.

"Shikamoo, Mama Usafi."

"Marahaba." Alitazama kwanza viatu vyangu, kisha uso. "Wewe wa taipu. Mwambie huyu bwana anifungulie."

Mlinzi alinieleza kwa masikitiko kwamba bibi huyu anatoka Kiseke, amekuja siku tatu mfululizo, na kwamba yeye hana tatizo naye. Ila ni lazima kila anayeingia aandike kwenye kitabu cha wageni, na bibi anakataa, anasema yeye si mgeni. Mama Usafi alinionyesha dirisha la karibu na kuniuliza kama naona. Niliona. Tangu liwe jengo la kutunzwa, hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, na vumbi lilikuwa limekaa juu ya vioo kama unga.

"Bibi yangu," mlinzi akasema, "nikikuingiza bila kuandika, mimi watanipunguza kazi."

Neno hilo alilijua. Akavuta kitabu, akaomba kalamu. Aliandika taratibu, ulimi nje kidogo, na mimi nikasoma juu ya bega lake. Kwenye safu ya jina aliandika jina lake lote, na ndiyo mara yangu ya kwanza kulijua, nitalitunza. Kwenye safu ya anakotoka aliandika: Hapa. Kwenye safu ya sababu ya kuja aliandika: Usafi. Akafunga kitabu juu ya kalamu, akavua viatu, na mlinzi akatafuta funguo.

Alifagia mwenyewe kona moja tu. Mikono haikuwa ile tena. Akaketi kwenye benchi la mbele na kutuelekeza, mimi kwenye utando na mlinzi kwenye vioo, na mlinzi, ambaye kwa sheria alipaswa kutukamata wote, alisugua kioo kimoja mara nne kabla hajaambiwa kinatosha kwa leo. Tulifanya hivyo mpaka mchana. Vumbi lilitoka kidogo sana. Yeye hakulalamika hata mara moja, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Tulipotoka, mlinzi alifunga mlango, akafungua kitabu kuhakiki kama kawaida ya kazi yake. Akaona safu ya mwisho iko tupu.

"Bibi, hujaweka sahihi."

Mama Usafi alikuwa anavaa viatu vyake, ameshika bega langu. Hakugeuka.

"Nikimaliza," akasema.